Hita ya Bwera Iliyojiloki Kila Alfajiri

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa spana. Nilifika Mweya, kwenye mbuga ya wanyama, asubuhi ndani ya lori la mboga la hoteli ya watalii iliyoniajiri, nimevaa ovaroli mpya iliyonizidi kimo, sanduku la vifaa begani, kichwa juu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi Kasese, msichana peke yake katika darasa la mabomba, na hakuna mvulana aliyenipita. Mkuu wa karakana ya hoteli alikuwa mwanajeshi mstaafu. Wote tulimwita Afande, na mimi mpaka leo namwita hivyo hivyo. Alinipeleka nyuma ya jiko, kwenye chumba kidogo cha matofali, akanisimamisha mlangoni.

"Weka sanduku chini. Mikono nyuma. Nusa."

Nilidhani ananitania, nikamtazama.

"Usiangalie mimi. Ndani kuna nini?"

Nikamwambia nasikia vumbi, nasikia sabuni ya kufulia, na kwa mbali nasikia kitu kama yai bovu. Akaitikia kwa kichwa. Lile yai bovu, alinieleza, ni harufu ambayo watengenezaji wanaitia makusudi kwenye gesi ya mitungi, kwa sababu gesi yenyewe haina harufu, na bila hiyo mtu angewasha kiberiti akaondoka na paa. Tulifunga mtungi, tukaacha mlango wazi, kisha tukapaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba mpaka kimoja kikaanza kutoa mapovu. Hicho ndicho kilikuwa kimelegea.

Mpishi mmoja aliyekuwa akimenya matoke karibu na hapo akauliza kwa sauti, nisikie, "Afande, hii hoteli imekosa wanaume?"

Afande hakugeuka. "Mimi sikuuliza kama ni mwanamke. Niliuliza kama iko na pua. Wewe umekaa hapa tangu asubuhi na gesi inavuja, pua yako ilikuwa wapi?"

Mpishi akarudi kwenye matoke yake. Nami nikampenda Afande kuanzia saa ile.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii leo mna simu zinazowaonyesha picha za ndani ya kila mashine. Vizuri sana, zitumieni. Sisi tulifundishwa kwa kusimama mlangoni. Acha niwaeleze hita ya gesi inavyofikiri, maana inafikiri. Mtu akifungua bomba la maji ya moto, maji yanapita ndani ya hita na kuiamsha. Hita inapiga cheche. Vali, yaani mlango wa gesi, inafunguka, moto unashika. Karibu na moto kuna kijiti cha chuma, kazi yake ni kuhisi kama kweli moto upo. Juu, pale moshi unapoingia kwenye dohani, kuna kidude kidogo kama kifungo cha koti kinachohisi joto: moshi ukikosa njia ya kupanda na ukaanza kurudi chumbani, kile kifungo kinapata moto na kukata kila kitu. Mlinzi mmoja akiona jambo baya, vali inafungwa, taa nyekundu inawaka, na hita haikubali tena hadi mtu aje abonyeze kitufe cha kuianzisha upya. Mafundi wa Kasese tunasema imejiloki.

Wenye hita hawapendi neno hilo. Mtalii ametoka kuangalia simba, ana vumbi mpaka masikioni, anafungua bomba, maji baridi. Anapiga simu mapokezi, mapokezi wanampigia Afande, Afande ananiita. Mimi, kwa haraka ya ujana, nilikuwa nikifika nabonyeza kitufe tu. Afande aliushika mkono wangu.

"Ukikuta askari amefunga barabara, unafanya nini?"

"Nasimama, Afande."

"Unamuuliza nini?"

"Namuuliza kuna nini mbele."

"Haumpigi kofi?"

"Hapana, Afande."

"Basi uliza mashine. Imefunga barabara, imeona kitu. Ukibonyeza bila kuuliza, umempiga askari kofi."

Mweya nilijifunza kuuliza. Niliuliza nikakuta upepo wa ziwa unaingia kwenye dohani na kuzima moto. Niliuliza nikakuta nyigu wamejenga ndani ya bomba la moshi. Siku nyingine niliuliza nikakuta ngiri amelala amejikunyata juu ya mpira wa gesi kwa sababu ukuta ule ulikuwa na joto, na hapo nikamwita Afande, maana ngiri sikufundishwa chuoni. Afande mwenyewe alisimama mbali akamwamuru aondoke kwa sauti ya gwaride. Ngiri akafumbua jicho moja, akalifumba. Tulimsubiri mpaka aliposhiba usingizi, na watalii wakaoga baridi.

Afande alipostaafu na kurudi kwao, nami niliondoka. Nikaajiriwa mjini Kasese, upande wa mto Nyamwamba, kwenye tawi la kampuni iliyouza na kutengeneza hita za gesi. Mkubwa wetu alikuwa Meneja wa Tawi, mtu wa haraka, mwenye moyo mzuri na simu mbili masikioni. Watu walinicheka: Kasese na jua lile, nani anataka maji ya moto? Niliwajibu waende wakaoge milimani alfajiri, halafu warudi tuzungumze. Kazi ilikuwa tele. Mto ukifurika, tope liliingia kwenye mabomba na kuziba vichujio, hita zikajiloki mtaa mzima. Kule Muhokya maji yana chokaa. Inaganda ndani ya mirija kama inavyoganda kwenye birika lenu la chai, hita inazidi joto na kujifunga. Nilizunguka na boda nikiwa na sanduku langu, na ikafika wakati wenye hoteli wanapiga simu tawini wanasema, "Mtuletee yule mama." Walikuwa na majina ya mafundi wengine, lakini walimtaka yule mama. Najisifu, ndiyo. Sifa hii niliifanyia kazi.

Lakini kazi ninayotaka muikumbuke ni ya Bwera.

Bwera, mpakani na Kongo, kulikuwa na kituo kidogo cha uzazi. Mkubwa wake alikuwa mkunga aliyetoka ng'ambo, upande wa Butembo, wakati wa matatizo, Mama Kavira, mwanamke mnene, mcheshi, mkali kama pilipili. Alianza kwa kupima wajawazito kwenye chumba cha kukodi. Baadaye parokia yake na marafiki walimjengea wodi ya kuzalishia, na sisi tukamfungia hita. Kilichobaki kilikuwa kibali. Wakaguzi wa afya wangekuja kuangalia, na bila maji ya moto ya uhakika wodi isingefunguliwa usiku na mchana. Mama mwenye uchungu angeendelea kupakiwa kwenye boda na kupelekwa mbali. Mama Kavira alikuwa ameshampokea mtoto mmoja kando ya barabara, mvua inanyesha, dereva wa boda ameshika mwavuli na kuangalia pembeni kwa aibu. Aliniambia habari ile mara nyingi, na kila mara macho yalimjaa machozi.

"Sitaki ingine," alikuwa akisema, akinitaja jina langu. "Masika, ile moja inatosha."

Basi hita ile ikaanza kujiloki. Ilijiloki alfajiri, wakati wauguzi wa zamu wanapochota maji ya kuogesha wajawazito waliolazwa kwa uangalizi. Mama Kavira alibonyeza kitufe tulichomfungia wodini, ikakataa. Akapiga simu Kasese. Nikafika jua limepanda, nikabonyeza, ikawaka kwa adabu zote. Nikafungua, nikasafisha kile kijiti cha kuhisi moto, nikapima nguvu ya gesi, nikaondoka. Alfajiri iliyofuata, taa nyekundu. Nikarudi, nikabadilisha kichwa cha mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi. Ikawaka mchana kutwa. Alfajiri, taa nyekundu. Nikapanda mpaka juu ya paa nikaangalia ndani ya dohani: safi, naona chini.

"Wewe ukikuya, mashini inatumika muzuri," Mama Kavira alinilalamikia. "Ukienda tu, iko nakataa. Hii mashini iko naogopa wewe ao iko nachekelea mimi?"

Mara ya mwisho niliitwa siku moja kabla ya wakaguzi kufika. Meneja wa Tawi alinipigia nikiwa njiani, akanipigia tena nikiwa nimefika.

"Masika, umeona kosa?"

"Bado, Bwana Meneja. Sasa hivi inawaka."

"Sikiliza. Ni kile kifungo cha dohani kinachokata, si ndiyo? Kiondoe. Piga dairekti. Wakaguzi wakishakwenda utarudi urekebishe."

Kupiga dairekti, kwa msiojua, ni kuunganisha zile nyaya mbili za mlinzi pamoja ili mashine isimsikilize tena. Ni kazi ya dakika. Fundi yeyote anaweza, na ndiyo maana inaua.

"Hapana, Bwana Meneja."

"Hapana ni nini? Mama wa watu kesho anakosa kibali, jina letu linaharibika mpaka ng'ambo ya mpaka, wewe unaniambia hapana?"

"Mkubwa wa tawi ni wewe. Lakini nyaya hizi siziungi."

Akasema polepole, na kwa mtu wa haraka kama yeye hiyo ilikuwa mbaya zaidi, "Kesho asubuhi maji yakiwa baridi, basi usihangaike kurudi ofisini."

Simu ikakatika. Nilikasirika. Nilimpenda Mama Kavira, niliipenda kazi yangu, na vyote viwili vilikuwa vimening'inia kwenye hita moja isiyotaka kuniambia ukweli.

Mama Kavira alikuwa amesikia. Akaniketisha barazani, akaita chai. Aliyeileta alikuwa Mbambu, msafishaji wa kituo, msichana aliyeolewa karibuni na Bwambale, askari wa getini. Alitembea taratibu, mkono mmoja kwenye paji la uso.

"Bado kichwa?" Mama Kavira akamuuliza.

"Bado, Mama. Kitapoa."

Alipoondoka, Mama Kavira akanung'unika, "Kila asubui kichwa, kila asubui anataka kutapika. Nilifikiri ni mimba, bon, nikapima: hapana. Nikapima malaria: hapana. Mchana anapona kabisa. Labda ni roho ya ndoa mupya."

Tukacheka. Nami nikanywa chai yangu, na maneno yale yakapita kichwani mwangu bila kusimama.

Baada ya chai nikafanya kitu ambacho nilikuwa nimekiacha kwa kujiona mzoefu. Nilikwenda kwenye chumba cha hita nyuma ya wodi, nikaweka sanduku chini, nikasimama mlangoni. Mikono nyuma. Nikanusa.

Chumba kile kilikuwa cha matofali, mlango wa chuma, ukutani matundu mawili ya hewa yenye wavu, moja chini na moja juu. Ndani Mbambu aliweka mifagio na ndoo zake. Nilisikia dawa ya kusafishia sakafu, nikasikia mpira mkavu. Gesi hapana. Halafu nikasikia kitu kitamu. Kitamu kabisa, kama jiko la hoteli ya Mweya siku wanayooka keki ya wageni.

Nani anaoka keki kwenye chumba cha hita? Nikaingia, nikazunguka nikinusa kama mbwa. Utamu ulizidi karibu na ukuta ulio chini ya dohani, pale penye joto. Nikainua macho. Kwenye wavu wa tundu la juu palikuwa na nyuzi za gunia zimenasa, na kwenye lile la chini nyuzi za gunia pia, na chache nyekundu. Mtu alikuwa akiyaziba matundu haya na kuyazibua, tena na tena.

Mtu wa Bwera hahitaji kuambiwa zaidi. Vanila inayovunwa kwenye miteremko ile hainukii inapotoka shambani; ni maganda mabichi tu. Inatumbukizwa kwenye maji ya moto, kisha kwa siku nyingi inaanikwa juani mchana, na jua likishuka inafungwa kwenye blanketi na kuwekwa mahali penye joto, itoke jasho usiku kucha. Na kwa sababu wezi wa vanila wanaijua thamani yake kuliko wenyewe, mwenye vanila halali mbali nayo. Kuna wanaotoboa alama zao kwenye kila ganda kwa sindano. Kuna wanaolala nayo kitandani.

Wanaolala nayo. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kichwa cha asubuhi. Kutapika. Mchana anapona.

Ningeweza kuita watu papo hapo, lakini mashahidi wangu walikuwa nyuzi na harufu, na wakaguzi walikuwa wanakuja. Gari la mwisho la Kasese lilipopiga honi nililiacha liende. Nikakaa na Mama Kavira barazani, nikamwomba asiulize kitu, na kwa jinsi nilivyomwambia, hakuuliza. Jua lilipoanza kuinama upande wa Kongo, Bwambale na Mbambu walitokea kwenye bustani ya nyuma. Bwambale amebeba magunia matupu. Mbambu amebeba furushi kwenye blanketi jekundu, amelikumbatia kifuani. Walipita mbele ya wauguzi wawili na hakuna aliyewageukia. Katika kituo cha uzazi, nani atashangaa mwanamke akibeba furushi la blanketi?

Tuliwafuata. Bwambale alikuwa juu ya ndoo, anashindilia gunia kwenye tundu la juu kwa ngumi.

"Bwambale," nikasema, "hilo gunia linafanya nini hapo?"

Aliteremka amejaa hofu. Mbambu alilikumbatia furushi zaidi.

"Mama, tusamehe," Bwambale akasema. "Msimu uliopita waliingia shambani wakamaliza yote. Hii ndiyo imebaki. Inataka joto, na hapa kuna joto, na mlango ni wa chuma. Tukiacha matundu wazi, joto linatoka. Hatukuiba kitu. Asubuhi tunatoa."

"Wewe uko getini usiku. Nani analala hapa na vanila?"

"Mimi," akasema Mbambu.

Sikumkemea. Nilimshika mkono nikamtoa nje, nikawatoa wote, furushi na kila kitu. Nikayaacha magunia yale yale palepale kwenye matundu. Katika sanduku langu nilikuwa na king'ora kidogo cha betri kinachopima sumu hewani. Nikakiweka sakafuni pale Mbambu alipokuwa akitandika mkeka wake, nikaufunga mlango, nikamwomba muuguzi afungue bomba za wodi zote.

Hita ikawaka, tukaisikia ikinguruma. Tukasimama uani. Mama Kavira alinitazama kana kwamba nimepandwa na homa. Nikawaeleza: gesi ikiungua na hewa ya kutosha, moshi wake unapanda na kwenda zake. Ikikosa hewa inaungua vibaya, na moshi unarudi chini. Moshi huo haunuki. Hauumi macho. Unakupa kichwa, unakupa kichefuchefu, kisha usingizi, na ukizidi huamki. Pua yangu isingeusikia hata nikae mlangoni mwaka mzima. Pua yangu ilisikia vanila.

Sijamaliza kusema, king'ora kikalia mle ndani, kikali, bila kupumzika. Mbambu akamshika mumewe shati. Kikaendelea kulia, na juu ya mlio ule tukasikia, tak, hita ikijikata. Ngurumo ikanyamaza. Kwenye ufa wa mlango tukaona taa nyekundu.

"Sikieni," nikawaambia. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa inafanya kila alfajiri. Maji yakichotwa mengi, moshi unarudi, inajikata. Mnaiita mbovu. Imekuwa ikimtoa Mbambu kaburini kila siku."

Mama Kavira alimvuta msichana yule akamkumbatia, furushi la vanila katikati yao, akalia kwa sauti. "Mutoto yangu. Nilikupa dawa ya kichwa. Mimi mukunga muzima, nilikupa dawa ya kichwa." Bwambale alichuchumaa chini, amefunika uso, mabega yanatikisika. Nami machozi yalinitoka, siwafichi.

Kisha nikampigia Meneja wa Tawi. Hakusema halo. Alisema, "Umeunga?"

"Sikiliza kwanza," nikamwambia, nikaisogeza simu kwenye ufa wa mlango, mlio ukamwingia sikioni. Halafu nikamsimulia yote kwa mpangilio: blanketi, magunia, mkeka, na nani alikuwa analala juu ya mkeka. Nilisikia simu yake nyingine ikiita na hakuipokea.

"Kwa hiyo kama ningekulazimisha ukaunga," akasema mwishowe.

"Leo usiku isingejikata, Bwana Meneja."

"Masika," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, "mimi nina binti wa umri huo." Juma lile lile alituita mafundi wote na kututangazia kwamba kwenye tawi lake, atakayepiga dairekti mlinzi wa hita ajitafutie tawi jingine. Alisema mbele ya watu ni nani aliyemkatalia, na kwamba alimshukuru kwa kumkatalia. Mtu mkubwa kusema hivyo si jambo dogo, nami nilimheshimu kuanzia hapo kuliko zamani.

Jioni ile tulizibua matundu, tukayapigia vyuma vya kukatiza ili hata ngumi ya Bwambale isipitishe gunia tena. Ikabaki vanila. Mbambu alisimama nayo uani bila kujua aende wapi, na ndiyo iliyokuwa shamba lao zima. Hapo Mama Kavira akapangusa macho, akauliza, "Masika, ile kitu inataka joto tu, ao inataka moto?"

"Joto tu, Mama."

"Bon. Maji ya moto tuko nayo."

Basi tukafanya hivi: tukajaza majerikani maji ya moto kutoka kwenye hita, tukayapanga ndani ya kabati la mashuka ya wodi, lenye kufuli la nguvu kuliko mlango wa chuma, na vanila katikati yake, ndani ya blanketi lake jekundu. Ufunguo Mama Kavira akaufunga kiunoni. Mbambu akalala kwenye kitanda cha wodi, kwa amri ya mkunga, dirisha wazi.

Alfajiri niliamka kabla ya wauguzi, nikaenda kusimama karibu na chumba cha hita. Bomba zikafunguliwa. Hita ikawaka, ikanguruma, ikaendelea kunguruma, jua likachomoza inanguruma bado. Mbambu alikuja na ndoo yake akasimama pembeni yangu.

"Leo kichwa?" nikamuuliza.

"Hakuna, Mama," akasema, akajigusa paji la uso kama aliyepoteza kitu hapo. "Hakuna kabisa."

Wakaguzi walifika. Mmoja wao, baba mrefu mwenye miwani, alifungua bomba la chumba cha kuzalishia na kuweka mkono bila hadhari, akaurudisha mbio. Mama Kavira akamwambia kwa heshima zote, "Pole, Muheshimiwa. Mashini yetu iko nawaka." Akacheka hata mkaguzi. Kibali kilitoka. Mama Kavira alipotoa mashuka ya kutandikia kitanda cha kwanza cha kuzalishia, wodi nzima ikajaa harufu tamu, mkaguzi akauliza ni sabuni gani wanatumia, na hakuna aliyemjibu vizuri. Watoto wote waliozaliwa Bwera msimu ule walipokelewa kwenye mashuka yanayonukia vanila.

Sasa nimestaafu. Sanduku langu liko chini ya kitanda, na vijana wa tawi bado wananipigia. "Mama, hita imejiloki." Nawauliza wamenusa. Wanacheka, kisha nasikia kimya kidogo kwenye simu, najua wamekwenda mlangoni kusimama. Miaka yote hiyo sikuunga nyaya mbili za mlinzi hata siku moja, na hakuna mtu aliyelala asiamke kwa mkono wangu. Sina kitu kikubwa zaidi cha kuwaachia.

Siku waliyoniaga kazini, Mama Kavira alikuja na gari zima la watu wa Bwera. Mbambu alikuwemo, amebeba furushi kwenye blanketi jekundu. Lile lile, nililijua kwa nyuzi zilizochomoka pembeni. Nikamwambia, "We binti, vanila mpaka kwenye sherehe yangu?"

"Huyu ni Masika," akasema.

Watu wakapiga makofi kwamba mtoto amepewa jina langu. Nami nikacheka mpaka nikashika mbavu, maana kwetu kila binti wa kwanza ni Masika. Hata kama angenichukia angemwita hivyo hivyo. Mbambu alicheka pia, kisha akaacha kucheka, akanitazama.

"Ni kweli, Mama," akasema. "Lakini wangu yupo."

Alimsogeza kwangu. Nilisimama palepale, mikono nyuma, kwa mazoea tu, nikainama nikanusa. Maziwa. Sabuni. Na pale kwenye pindo la blanketi, kwa mbali, vanila. Kisha nikaitoa mikono, nikampokea.